Kuondoa panya nyumbani bila ukatili

Kuondoa panya nyumbani bila ukatili ni kuwazuia panya wasiingie, wasile wala kuzaliana ndani ya nyumba ya watu, na kuwatoa waliokwisha kuingia pasipo kuwatesa. Kazi hiyo hufanywa kwa kuziba matundu, kuhifadhi chakula katika vyombo wasivyoweza kuvitoboa, kutumia mitego inayowakamata wakiwa hai na, pale inapolazimu kuua, kuua kwa haraka. Sumu na gundi ya panya hazihesabiwi kuwa njia za namna hiyo.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mfano wa Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, kusini-magharibi mwa Tanzania. Huko familia nyingi hulala nyumba moja na mavuno yao ya mwaka mzima, na kwa hiyo swali la panya si la kero tu bali ni la chakula.

Mazingira ya Mbinga na Nyasa

Mji wa Mbinga uko magharibi mwa Songea, katika milima ya Umatengo. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngolo, yaani mashimo yanayopangwa kwa safu kwenye miteremko mikali, ambayo kingo zake hutengenezwa kwa nyasi zilizofunikwa udongo. Maharage hupandwa kwenye kingo hizo mvua zinapokaribia kwisha, mnamo mwezi wa Machi, na mahindi hufuata katika msimu unaokuja. Zao la fedha ni kahawa ya arabika. Chini ya milima hiyo, kwenye kimo cha mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, liko Ziwa Nyasa pamoja na Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vingine vya pwani. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi lilipotengwa mwaka 2012 kuwa Wilaya ya Nyasa. Watu wa ziwani huvua dagaa waitwao usipa na kuwaanika juani, na hulima mihogo, mahindi na mpunga.

Mvua katika sehemu zote mbili ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Hakuna vuli na masika kama kaskazini mwa nchi. Hivyo gunia linaloingizwa ndani mnamo Julai ndilo linalotegemewa mpaka mahindi ya mwaka unaofuata yakomae.

Panya nao wanafuata kalenda hiyohiyo. Wale wa mashambani huzaa sana mvua zinapoelekea mwisho, nyasi na mbegu zikiwa tele, na idadi yao huwa kubwa zaidi miezi michache baadaye, katika kiangazi. Wakati huo mashamba yameshavunwa, majani yamekauka au kuchomwa, na mahali penye chakula na maficho ni nyumbani kwa watu. Anayeona panya "wamevamia" ghafla mwezi wa Agosti kwa kawaida anaona matokeo ya mvua za Machi na ya magunia yake mwenyewe. Kwa Tanzania nzima, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka.

Aina za panya wanaoingia nyumbani

Si kila kinyama kidogo chenye mkia kinachopita jikoni ni cha aina moja, na njia ya kumwondoa hutegemea ni nani.

Panya wa paa (Rattus rattus), ambaye huitwa pia panya mweusi ingawa wengi wao ni wa kahawia, asili yake ni Asia. Alifika Afrika ya Mashariki kwa vyombo vya baharini na kuingia bara pamoja na mizigo ya watu. Ni mpandaji hodari: hukaa darini na juu ya kuta, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Kiswahili chenyewe kimemtambua, kwani mti mrefu wa paa la nyumba huitwa mtambaapanya. Ndiye pia anayesemwa kuwa "anauma na kupuliza", kwa kuwa hutafuna ngozi ngumu ya nyayo za mtu aliyelala bila kumwamsha.

Panya shamba (Mastomys natalensis) ni mwenyeji wa Afrika na ndiye mharibifu mkubwa wa mahindi mashambani. Jike ana chuchu hadi 24, ishara ya wingi wa watoto anaoweza kuwalea. Huchimba mashimo ardhini na huingia nyumbani kupitia sakafu ya udongo, chini ya mlango au msingi uliopasuka.

Panya mdogo wa nyumbani (Mus musculus) hupatikana hasa mijini na madukani. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na mimba yake huchukua takriban siku 20 tu.

Kinyesi husaidia kuwatofautisha: cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6, karibu na punje ya mchele iliyovunjika, na cha panya wa paa hufikia sentimita 1 au zaidi kidogo.

Kuna pia kirukanjia, mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali. Huyu si panya. Hula mende, nge na wadudu wengine, hatoboi magunia, na mwenye nyumba hana sababu ya kumwondoa.

Matatizo ya sumu na gundi

Sumu za panya zinazouzwa Tanzania ziko za aina mbili kuu. Aina ya kwanza huzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi palepale bali huvuja damu ndani ya mwili kwa siku kadhaa, akizidi kudhoofika, na mara nyingi huishia kufia ukutani au darini ambako hawezi kutolewa. Aina ya pili ni fosfidi ya zinki, unga wa kijivu unaotoa gesi ya sumu ukikutana na asidi ya tumboni. Huua haraka kuliko ile ya kwanza, lakini kwa maumivu makali, na kwa mtu aliyeimeza haina dawa maalumu ya kuibatilisha. Zile za kuzuia damu kuganda zina dawa yake, vitamini K, endapo mgonjwa atafikishwa hospitali mapema na wahudumu wakajua alichokula.

Hapo ndipo lilipo tatizo la pakiti ndogo zisizo na maandishi zinazouzwa minadani na barabarani. Mtoto akila kilichomo, hakuna anayeweza kumwambia daktari ni kitu gani. Nchini Tanzania viuatilifu vinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na dawa halali hubeba lebo yenye jina la kiambata chake. Sumu kuchanganywa na unga wa ugali au kichwa cha dagaa, kama inavyofanyika mara nyingi, huongeza hatari, maana chambo hicho huvutia mtoto, kuku, mbwa na paka sawasawa na panya.

Sumu hiyo haimwishii panya aliyeila. Paka au bundi anayekula panya aliyedhoofika huimeza pia, hasa ile ya kuzuia damu kuganda. Nyumba inayotega sumu kila mwezi hujikuta bila paka, kisha ikanunua sumu zaidi kwa sababu haina paka.

Gundi haina hatari hiyo ya sumu, na kwa hiyo wengi huidhani kuwa safi. Kwa mnyama ndiyo mbaya kuliko zote. Panya aliyenaswa hubaki hai kwa saa nyingi, pengine usiku kucha, akijichuna ngozi na kutafuna miguu yake ili ajinasue. Mijusi kafiri, vifaranga na kirukanjia nao hunasa. Wales ilipiga marufuku mitego ya gundi mwaka 2023, na Uingereza yenyewe (England) ikazuia watu wasio na leseni kuitumia kuanzia Julai 2024. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini gundi ya panya inaendelea kuuzwa kwa uhuru. Mjusi au ndege aliyenasa anaweza kunasuliwa kwa kumpaka mafuta ya kupikia polepole, akifunikwa macho kwa kitambaa.

Kuziba nyumba

Kuziba ndiko kunakoleta matokeo ya kudumu, na njia nyingine zote zikitumika bila kuziba huwa ni kazi ya kurudia kila wiki. Panya mdogo hupita tundu la milimita 6 hivi. Kipimo rahisi ni kalamu ya wino: ikipita, naye anaweza kupita. Panya wa paa aliyekomaa huhitaji tundu la karibu milimita 12, yaani unene wa kidole.

Njia za panya hutafutwa kwanza. Majivu ya jikoni yakinyunyizwa kwa wepesi kando ya kuta wakati wa kulala huonyesha asubuhi nyayo na mkia umepita wapi. Tundu linalotiliwa shaka huzibwa kwa majani makavu au karatasi. Likikutwa limefunguliwa kesho yake, ndilo linalotumika. Panya wa paa huacha pia alama nyeusi za mafuta ya manyoya yake kwenye mbao na kona anazopitia kila siku.

Katika nyumba za tofali za kuchoma zenye paa la bati, kama zilivyo nyingi Mbinga mjini na vijijini, pengo kubwa huwa kati ya kichwa cha ukuta na bati. Mafundi wengi huliacha wazi ili hewa ipite. Si lazima kulifunga kabisa: wavu wa chuma wenye matundu madogo, uliopigiliwa kwenye mbao na kushikizwa kwa saruji upande wa ukuta, hupitisha hewa na kumzuia panya. Wavu wa plastiki wa mbu haufai, kwani huutafuna kwa dakika chache. Matundu madogo kwenye kuta na kuzunguka mabomba hujazwa stilwaya ya kusugulia sufuria, kisha hupigwa plasta juu yake. Udongo mtupu au gunia lililosokotwa hutafunwa. Chini ya mlango hupigiliwa ukanda wa bati unaofika karibu na sakafu. Matawi ya miembe au miparachichi yanayogusa paa hukatwa, maana ndiyo daraja la panya wa paa.

Nyumba za nyasi ni ngumu zaidi. Paa lenyewe ni makao, na hakuna wavu unaoweza kuzunguka paa zima. Katika nyumba hizo ni busara zaidi kulinda chakula kuliko kulinda nyumba.

Jambo linalosahaulika ni watoto wa panya. Kuziba tundu wakati jike ana watoto ndani ya ukuta maana yake ni kuwaacha wafe kwa njaa, na nyumba inuke wiki nzima. Watoto hufungua macho wakiwa na umri wa wiki mbili hivi na huacha kunyonya baada ya wiki tatu. Kwa sababu hiyo chakula huondolewa kwanza na matundu mengine yote huzibwa, lakini lile kuu huachwa wazi kwa wiki tatu hivi. Jike anayekosa chakula na kusumbuliwa kila siku mara nyingi hubeba watoto wake mdomoni, mmoja mmoja, na kuwahamisha. Majivu yakikaa usiku mbili au tatu bila nyayo, tundu hilo nalo huzibwa.

Kuhifadhi chakula

Panya hakai mahali asipokula. Debe moja la mahindi yaliyomwagika nyuma ya magunia linatosha kulisha familia ya panya kwa miezi, na hakuna mtego utakaoshindana nalo.

Magunia yaliyorundikwa sakafuni na kuegemezwa ukutani, hata yawe ya kahawa ambayo si chakula chao, ni maficho kamili. Yakipandishwa juu ya chaga za mbao na kuachiwa nafasi ya nusu mita kutoka ukutani, mtu anaweza kufagia nyuma yake na paka anaweza kupita. Panya hupenda kutembea akigusa ukuta kwa sharubu zake. Mahali peupe pande zote humtia hofu.

Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo imeenea nchini kwa ajili ya kuzuia dumuzi, imewapa baadhi ya wakulima matumaini yasiyo yake. Mfuko huo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa, na kwa kazi hiyo ni mzuri. Haumzuii panya. Tena tundu moja la jino lake huingiza hewa na kuharibu kazi yote ya mfuko, hivyo mwenye mifuko hiyo anapaswa kuogopa panya kuliko mwenye gunia la kawaida. Chombo kinachomshinda panya ni cha chuma: pipa lenye mfuniko au kihenge cha bati kinachotengenezwa na mafundi bati. Bei yake ni kikwazo, lakini hudumu miaka mingi.

Kihenge cha nje cha miti au matete kinaweza kulindwa kwa gharama ndogo. Husimamishwa juu ya nguzo zenye urefu wa mita 1 au zaidi, na kila nguzo huvishwa bati laini lililokunjwa kama faneli iliyoinamishwa, au huzungushiwa ukanda mpana wa bati ambao kucha za panya haziushiki. Kinga hiyo haina maana iwapo jembe, ngazi au mti umeegemezwa kwenye kihenge. Kosa hilo ni la kawaida sana.

Pwani ya ziwa ina shida yake. Usipa waliokauka hunukia mbali, na mwenye kuwahifadhi ndani kwa kusubiri bei humwita kila panya wa jirani. Ndoo za plastiki ngumu zenye mfuniko wa kubana hutosha kwa muda mfupi. Kwa muda mrefu panya hutafuna ukingo wake. Makopa ya muhogo nayo hayafai kuachwa kwenye kapu. Mabaki ya ugali, vichwa vya samaki na vyombo vichafu havilazwi jikoni, na chakula cha kuku huondolewa bandani jioni.

Kukamata wakiwa hai

Mitego ya kukamata panya wakiwa hai hutengenezwa kwa wavu wa chuma au bati, ikiwa na mlango unaojifunga mnyama akigusa chambo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, ambao wamefuatilia maisha ya panya shamba kwa miongo kadhaa kwa kuwakamata, kuwatia alama na kuwaachia, hutumia visanduku vyepesi vya alumini vyenye chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Mchanganyiko huo unapatikana katika jiko lolote. Ziwani kichwa cha dagaa hufanya kazi vilevile.

Asiye na mtego wa kununua anaweza kutumia ndoo ndefu ya lita 20. Chupa ya plastiki hutobolewa katikati, mwanzo hadi mwisho, hupitishiwa fimbo au waya, na huwekwa juu ya mdomo wa ndoo ikiwa imepakwa siagi ya karanga. Ubao mdogo huwa daraja la kupandia. Panya akikanyaga chupa, chupa huzunguka naye huanguka ndani. Wengi hutia maji ili azame. Kuzama ni kifo cha polepole, na mtego wa maji hauna tofauti na gundi kwa upande wa ukatili. Ndoo kavu yenye nyasi chini hufanya kazi ileile.

Mtego huwekwa kando ya ukuta, mdomo ukielekea njia ya panya. Panya mdogo ni mdadisi na huingia usiku wa kwanza. Panya wa paa huogopa kitu kipya, kwa hiyo mtego huachwa wazi na chakula ndani kwa siku mbili au tatu bila kutegwa, hadi auzoee. Ndani huwekwa nyasi kavu na kipande cha kiazi au nyanya kwa ajili ya maji. Hukaguliwa asubuhi na jioni, bila kukosa. Mtego wa bati uliosahauliwa juani kule Mbamba Bay ni tanuri, na Umatengo, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi kali, panya mdogo asiye na nyasi hufa kabla ya mapambazuko.

Kuwaachia: mahali gani?

Hapa ndipo maandishi mengi ya nje ya nchi yanapotoa ushauri usiolingana na Mbinga. Husema panya apelekwe porini na kuachiwa huru. Akiachiwa karibu, mita mia moja au chini ya hapo, anaweza kurudi. Akipelekwa mbali, panya mdogo wa nyumbani na panya wa paa, waliozoea kuishi na watu, mara nyingi hufa kwa njaa, baridi au kuliwa, kwa kuwa hawajui mahali pa kujificha.

Panya shamba ataishi, na hilo nalo ni tatizo. Katika miteremko ya Umatengo ardhi iliyo tupu ni haba. Kila safu ya ngolo ina mwenyewe. Panya shamba hufukua mbegu za mahindi na kukata miche katika wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, hivyo anayemwaga ndoo ya panya kwenye shamba la mwenzake mwezi wa Desemba amehamisha hasara. Mahali panapofaa kiasi ni kichaka kilicho mbali na nyumba na mashamba, jioni, na nje ya msimu wa kupanda. Kukamata na kuachia kunafaa kwa panya mmoja au wawili waliobaki ndani wakati nyumba inazibwa. Kama njia ya kudumu, kunamridhisha zaidi mwenye mtego kuliko kumsaidia panya.

Inapolazimu kuua

Wakati mwingine panya ni wengi mno, au kuna mgonjwa na mtoto mchanga ndani, na kusubiri hakuwezekani. Mtego wa chuma wa kubana, ule wenye springi, huua kwa sekunde chache ukiwa na nguvu ya kutosha na ukipigwa shingoni au kichwani. Ukubwa wa mtego ulingane na panya: ule mdogo ukimkamata panya wa paa humvunja mguu tu. Huwekwa ndani ya boksi au nyuma ya tofali ili mtoto na kuku wasiufikie. Kumchoma panya moto, kumtupa chooni akiwa hai au kuwaachia watoto wamchezee ni ukatili usio na faida yoyote.

Nchini Malawi, ng'ambo ya ziwa, panya wa mashambani huitwa mbewa na ni kitoweo. Huuzwa kando ya barabara wakiwa wamepangwa kwenye vijiti. Panya wa ndani ya nyumba, na hasa yeyote aliyetoka mahali penye sumu, hafai kuliwa.

Paka, mbwa na bundi

Paka husaidia, lakini si kwa kiasi kinachosimuliwa. Hukamata zaidi watoto na panya wadogo, na panya wa paa darini hamfikii. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba paka peke yake au mbwa peke yake hawakupunguza sana pitapita za panya, bali nyumba zenye wote wawili zilikuwa na panya wachache waliothubutu kutoka kutafuta chakula. Ni hofu inayofanya kazi zaidi kuliko meno. Paka mwenye njaa hawindi vizuri zaidi, kinyume na wanavyoamini wengi, huhama tu.

Bundi ni mwindaji bora wa panya kuliko paka, naye hulipwa kwa mawe. Katika sehemu nyingi za Tanzania bundi anayelia karibu na nyumba huchukuliwa kuwa dalili ya msiba au uchawi, na huuawa au kufukuzwa. Jozi ya bundi inayolea makinda hula panya kila usiku, tena bila malipo. Kumwacha akae kwenye mti au kwenye jengo lililohamwa ni njia rahisi kuliko zote zilizotajwa hapa, na labda ndiyo ngumu zaidi kukubalika.

Magonjwa na usafi

Mwezi wa Julai 2022 wagonjwa 20 waliripotiwa wilayani Ruangwa, Mkoa wa Lindi, wakiwa na homa, uchovu na kutokwa damu puani, watatu walifariki. Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ulikuwa homa ya mgunda. Mgunda maana yake ni shamba. Bakteria wa ugonjwa huo hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji na udongo wenye unyevu, na humwingia mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo. Wakulima wa mpunga wanaosimama majini miguu mitupu wamo katika hatari zaidi. Tauni, ambayo huenezwa na viroboto wa panya, imewahi kusumbua Lushoto na Mbulu. Penye tauni, kuua panya wengi kwa pamoja bila kuua viroboto ni hatari, kwani viroboto humwacha panya aliyekufa na kutafuta damu nyingine.

Kinyesi cha panya hakifagiwi kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake huvutwa puani. Hunyunyiziwa kwanza maji yenye klorini, huachwa dakika chache, kisha hufutwa kwa kitambaa kinachotupwa. Panya aliyekufa hushikwa kwa mfuko wa plastiki uliogeuzwa mkononi kama glavu na kuzikwa mbali na kisima. Mtego huoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Kazi ya kijiji

Nyumba moja ikizibwa, panya huhamia ya jirani. Moja ikiachwa, huwa kitalu cha nyingine zote. Mradi wa ECORAT, uliofanyika Tanzania, Namibia na Eswatini mwishoni mwa miaka ya 2000, ulijaribu kuwashirikisha wanakijiji wote wategee kwa wakati mmoja, kila siku, pamoja na usafi na uhifadhi bora, badala ya kila mtu kununua sumu yake anapochoka. Njia hiyo ilipunguza panya bila sumu.

Kwa Mbinga na Nyasa, wakati unaofaa kuanza ni Mei na Juni, kabla magunia hayajaingia ndani: maghala yakiwa matupu, kuta huonekana, matundu huonekana, na panya hawana cha kula.